Ukimwelekeza mwenzako Lac Vert, mwambie yote

Wapiga picha wa Goma wana tabia nzuri: mmoja akipata mahali pazuri, anawaelekeza wenzake. Wachache ndio wanaficha, eti mahali ni pao. Pao tangu lini? Nyiragongo, na mita zake 3,470, inaonwa na mji mzima, na Ziwa Kivu halina mwenyewe. Anayeficha anamnyima riziki kijana anayeanza na kamera ya kuazima.

Shida iko katika namna ya kuelekeza. "Nenda Lac Vert, maji ni ya kijani, simama juu kabisa." Basi. Mgeni anafika, anaona ziwa dogo ndani ya kreta ya zamani, anapiga picha, anarudi. Hakuambiwa kwamba wahami wa vita walijenga vibanda upande ule, wala kwamba tarehe 3 Mei 2024 mabomu yaliangukia kambi za Lac Vert na Mugunga yakaua watu, na watoto pia. Mama anayefua nguo kando ya maji anamwona kama pambo.

Huyo mama huenda hataki ijulikane yuko wapi. Wakati wa vita, sababu hazikosi. Picha yenye uso wake na jina la mahali inamtangaza.

Anayemtuma mwenzake amwambie pia amsalimie nani kwanza, aombe ruhusa kwa nani, na upande gani asielekeze kamera. Ni maneno ya dakika tano. Asiyetaka kuyasikia, asionyeshwe njia.