Chai, maharage na damu ya mtoto
Mama mmoja ameniuliza: “Kwenye pakiti ya chai wameandika ‘steep’ dakika 3 hadi 5. Ndiyo kuchemsha?” Hapana, ni kuloweka. Mimina maji yaliyochemka juu ya majani, funika, subiri, kisha chuja. Kadiri majani yanavyokaa ndivyo yanavyotoa tanini zaidi, na chai huwa kali na chungu. Tanini huzuia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage na mchicha. Mtoto akikosa madini hayo, hupungukiwa damu. Kwa hiyo mzazi, usimpe mtoto mdogo chai pamoja na wali maharage, hata kama umeiloweka kidogo. Mpe maji na kipande cha chungwa. Vitamini C husaidia madini hayo kufyonzwa.