Jukwaa si Chombo Bubu: Mitandao Inayobadilika na Uhakiki wa Mashabiki

Limezagaa katika idara zetu za fasihi dai ambalo limerudiwarudiwa hata likakaribia kuchukuliwa kama kanuni. Dai lenyewe ni kwamba mazungumzo ya mashabiki wa fasihi na filamu katika mitandao ya kijamii ni porojo, na porojo haistahili kumpotezea msomi wakati wake. Sambamba na dai hilo lipo la pili, la wale wanaojihesabu kuwa wa kisasa zaidi. Hawa hukubali kwamba mazungumzo hayo yafaa kuchunguzwa, lakini hushikilia kuwa jukwaa ambamo yanafanyika si hoja: watu ni wale wale na maneno ni yale yale, nao wakitoka mtandao mmoja kwenda mwingine huenda na mazungumzo yao kama mpangaji ahamaye na vyombo vyake. Makala haya yanayapinga madai yote mawili. Msimamo wetu ni kwamba jukwaa huamua utanzu wa mazungumzo, na kwamba mhakiki anayeyanukuu maneno ya mashabiki pasi na kulichunguza jukwaa lililoyazaa anahakiki kitu asichokijua.

Yashangaza kwamba dai hili la pili limepata wafuasi miongoni mwa walimu wa fasihi simulizi. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hufunzwa kwamba utendaji hauwezi kutengwa na fanani, hadhira na muktadha; kwamba ngano iliyotambwa jioni mbele ya watoto waitikiao si ile ile iliyochapwa kitabuni. Mwanafunzi huyo huyo akifika uzamili na kuleta pendekezo la utafiti kuhusu mashabiki, tunamruhusu aandike “hadhira ya mtandaoni” kana kwamba hadhira hiyo ni moja na imeketi mahali pamoja.

Historia ya ushairi wetu nayo yatukosoa. Mashairi ya vita vya Kuduhu, yaliyochapishwa na Ann Biersteker na Ibrahim Noor Shariff mwaka 1995, ni mashairi ya kujibizana yaliyotungwa mwanzoni mwa karne ya 19 wakati wa uhasama baina ya Lamu kwa upande mmoja na Mombasa na Pate kwa upande wa pili. Hayafahamiki vyema bila ya kujua nani alimjibu nani na lipi lilitangulia. Ukiuondoa utaratibu huo utabaki na majigambo matupu. Basi mazungumzo yawe ya malenga au ya mashabiki, maswali ya mwanzo ni yale yale: jibu huwekwa wapi, nani hulisikia, na nani ana mamlaka ya kulifuta?

Ili tuyajibu maswali hayo tutautumia mfano wa mashabiki wanaoandika kwa Kiingereza, hasa wa Marekani na Uingereza. Hatuuchagui kwa sababu ya ubora wao, bali kwa kuwa safari yao kutoka jukwaa hadi jukwaa ni ndefu na imeandikwa. Mashabiki wa tamthilia ya televisheni ya Star Trek walitoa jarida lao la kwanza, Spockanalia, mwaka 1967. Kufikia mwaka 1992, Henry Jenkins na Camille Bacon-Smith walipochapisha vitabu vyao kuhusu jamii hizi, haikuwa siri tena kwamba wasomaji hawa hawakuwa walaji tu wa kazi za wengine. Walitunga, walifasiri, walibishana. Kwa ufupi, walihakiki.

Jukwaa la LiveJournal, lililoanzishwa na Brad Fitzpatrick mwaka 1999, liliupa uhakiki huo umbo mahususi. Kila mwandishi alikuwa na shajara yake, nayo ilikuwa mithili ya nyumba yenye mlango: angeweza kuwaachia wote au marafiki tu. Chini ya kila andiko majibu yalipangwa kwa ngazi, kila jibu likining’inia chini ya kauli mahususi lililoijibu. Hivyo msomaji alijua nani anamsemesha nani, na ugomvi mmoja haukuumeza mjadala mzima. Andiko lilikuwa na nafasi ya kutosha kubeba hoja yenye utangulizi na ithibati. Mwanzoni mwa mwaka 2009 ulizuka humo, na katika shajara nyingine za mtandaoni, mjadala mkali kuhusu namna waandishi wa bunilizi za kisayansi na za kifantasia wanavyowasawiri watu wasio weupe. Ulidumu kwa miezi, insha zikijibiwa kwa insha, na wapo washiriki waliojitolea kukusanya orodha za maandiko yote ili anayechelewa aweze kuufuata. Sisi tunaofundisha fasihi ya Kiafrika tungekuwa wa kwanza kuusoma mjadala ule. Wengi wetu hatukuusikia, kwa kuwa tulikwisha kuamua kwamba hizo ni porojo.

Tumblr, iliyoanzishwa mwaka 2007 na kuvuma baadaye, ilileta umbo jingine kabisa. Njia kuu ya kujibu humo ilikuwa kulichukua andiko la mwenzio, kulipeleka kwenye ukurasa wako, na kuongeza maneno yako chini yake. Andiko moja likijibiwa na watu kumi lilizaa matawi kumi, na aliyesoma tawi moja hakulazimika kujua kwamba mengine tisa yapo. Mwandishi akitambua kosa lake na kulirekebisha nyumbani kwake, nakala zilizokwisha kuenea ziliendelea kutembea na kosa lile lile. Kutokana na hali hiyo mashabiki walibuni kunga ya kuvutia. Maneno ya kuainishia, yale yanayotanguliwa na alama ya reli, waliyageuza kuwa mahali pa kunong’ona maoni, kwa kuwa hayo hayasafiri na andiko linaposambazwa na mtu mwingine. Mwanafunzi wa tamthilia atalitambua jambo hili mara moja: ni usemi wa kando. Mtafiti anayenukuu andiko lenyewe na kuuacha mnong’ono huo amemnukuu mhusika akiwa mbele ya watu, akamsahau anapoigeukia hadhira yake.

Twitter, ambayo tangu mwaka 2023 inaitwa X, ilibana kila ujumbe katika alama 140 hadi Novemba 2017 ilipoongeza idadi hiyo hadi 280. Aidha, iliwezesha mtu kuyaanika maneno ya mwingine juu ya ukurasa wake akiyatolea kauli. Hapo jibu halimwendei tena aliyesema, huwaendea wafuasi wa anayejibu, naye aliyesema hugeuka kuwa kielelezo cha ujinga. Discord, iliyoanza mwaka 2015, imewarudisha mashabiki wengi katika vyumba vyenye milango. Mazungumzo hutiririka kama ya barazani; injini za utafutaji hazioni ndani, na aliyekuja leo hukuta ya jana yamezama chini ya maelfu ya salamu na mizaha.

Tukiyapanga haya pamoja twaona kwamba kilichobadilika si anwani tu. Insha na jibu lake vilipungua, tamko na kejeli vikastawi, kisha soga ya faraghani ikashika nafasi. Wapo wanaosema kwamba vijana wamekuwa wavivu wa kufikiri. Hoja hiyo haina mashiko. Wengi wa walioandika insha ndefu mwaka 2009 ndio waliokuja kuandika matamko mafupi miaka michache baadaye. Akili zao hazikupungua. Walipewa jukwaa lisilo na mahali pa kuweka jibu refu.

Wala isidhaniwe kwamba mashabiki walihama kwa hiari kama watalii. Mwishoni mwa Mei 2007 LiveJournal ilifunga mamia ya shajara kwa mkupuo mmoja, kufuatia malalamiko kuhusu maudhui ya ngono yanayohusu watoto. Miongoni mwa zilizokumbwa ilikuwamo jamii ya wasomaji wa Kihispania waliokuwa wakiijadili Lolita, riwaya ya Vladimir Nabokov. Aliyeifunga hakutofautisha kuijadili riwaya na kuutetea uovu unaosawiriwa ndani yake, kosa ambalo tungemwadhibu kwalo mtahiniwa wetu. Kampuni iliomba radhi na kurejesha shajara nyingi, lakini imani ilikwisha kuvunjika. Mwezi Desemba 2018 Tumblr, iliyokuwa imenunuliwa na Yahoo mwaka 2013 na kisha kuangukia mikononi mwa Verizon, ilipiga marufuku maudhui ya watu wazima, na mashabiki wengi wakatawanyika. Yahoo nayo ilifunga makundi yake ya mazungumzo mwezi Desemba 2020, baada ya kuyafuta yaliyohifadhiwa humo kwa miaka mingi. Mwaka 2023 X iliondoa njia ya bure ambayo watafiti walikuwa wakiitumia kukusanya data. Katika kila tukio aliyeshika ufunguo ni mwenye mali, na mwenye mali hakuwa msomaji wala mwandishi.

Mashabiki wenyewe waliliona hili kabla yetu. Baada ya misukosuko ya mwaka 2007 waliunda shirika lao lisilo la faida, na mwezi Novemba 2009 likafungua kwa umma hifadhi ya tungo iitwayo Archive of Our Own, kwenye seva zao wenyewe. Mwaka 2019 hifadhi hiyo ilipewa Tuzo ya Hugo. Hata hivyo, hifadhi hiyo imeokoa zaidi tungo, na maoni yaliyoandikwa chini ya kila utungo. Mjadala mpana, ule wa kuhoji kaida za kusoma na kuandika, kwa sehemu kubwa ulibaki nje, mikononi mwa makampuni. Yaani mashabiki wamefaulu kuihifadhi fasihi yao, na uhakiki wao ukaachwa upeperuke.

Yamkini atatokea wa kutuambia kwamba tunaililia zamani isiyokuwa njema. Tunakiri kwamba LiveJournal haikuwa pepo. Kwa muda hadi mwaka 2003 haikuwezekana kufungua akaunti ya bure humo bila mwaliko, na duru zake zilijaa kujuana. Tumblr iliwapa sauti wengi ambao hawakuwa na rafiki wa kuwafungulia mlango, na vyumba vya Discord vimewaponya wengi na umati wenye matusi. Tunayakubali yote hayo, tena kwa furaha, kwa sababu kila moja lathibitisha msimamo wetu: jukwaa likibadilika, hubadilika wanaosema, wanachoweza kusema na namna ya kukisema. Anayetaja manufaa ya jukwaa jipya hawezi papo hapo kudai kwamba jukwaa si hoja.

Madhara ya kulipuuza jambo hili tumeyaona kwetu. Mwanafunzi mmoja wa uzamili niliyemsimamia alitafiti jinsi wasomaji walivyoipokea riwaya moja ya Kiswahili katika kundi la mtandaoni. Kabla ya kutahiniwa, kundi lilifungwa. Alichobaki nacho ni picha za skrini, nyingi zikionyesha jibu bila ya kauli iliyojibiwa. Sentensi moja aliyoifasiri kama tusi kwa mwandishi ilikuja kubainika, msomaji mmoja wa kundi lile alipoulizwa, kuwa ni mzaha uliojibu mzaha mwingine. Sura nzima ilianguka. Watahini walimlaumu mwanafunzi. Lawama ilikuwa yangu, mimi niliyemfunza muktadha wa ngano nisimfunze muktadha wa ujumbe.

Isitoshe, malumbano ya ushairi wa Kiswahili yenyewe yamekwisha kuhama. Zamani yalipita katika kurasa za magazeti na majarida kama Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923, ambapo mhariri alipanga zamu za kujibu na nakala ikabaki maktabani. Leo shairi la kumtia mwenzio changamoto laweza kutumwa katika kundi la WhatsApp, likafuatwa na tanzia, kisha orodha ya michango ya mazishi, ndipo jibu lake lije likiwa limekwisha kutengana nalo. Likisambazwa katika kundi jingine, jina la malenga huweza kuachwa nyuma. Simu ikipotea, nakala ya mwenyewe nayo huenda isipatikane tena. Tunazo tungo za Muyaka bin Haji kwa sababu Mwalimu Sikujua na W. E. Taylor walizikusanya kutoka kwenye vinywa vya watu miongo kadhaa baada ya kifo chake. Je, ni nani katika idara zetu anayeifanya kazi ya Mwalimu Sikujua leo?

Tunapendekeza, basi, mambo matatu. Kwanza, tasnifu yoyote inayonukuu mazungumzo ya mtandaoni ieleze jina la jukwaa, tarehe, mahali jibu lilipowekwa na kauli iliyolitangulia. Isiyofanya hivyo irudishwe. Pili, mazungumzo ya vyumba vilivyofungwa yasinukuliwe bila idhini ya waliosema, maana mlango uliofungwa nao ni sehemu ya maana. Tatu, kila idara ianzishe hifadhi yake ya malumbano na uhakiki wa wasomaji, ikianza na malenga walio tayari kutukabidhi nakala zao, bila kungoja wafadhili wala hisani ya kampuni. Tukishindwa hata na hili la tatu, tuache kuwaambia wanafunzi kwamba wasomaji wa Kiswahili hawahakiki. Wanahakiki kila siku, na sisi tuliopaswa kuhifadhi tumekaa tukibishana kama hizo ni porojo au sizo.