Mkazo Mmoja Katika Maneno Ambatani

Ndugu mwalimu mtarajiwa, utakapokwenda kwenye mazoezi ya kufundisha katika shule za Shinyanga au Geita, sikiliza watoto wakisoma neno pembetatu. Wengi hulikata mara mbili: PE-mbe, TA-tu. Mwalimu huridhika kwa kuwa herufi zote zimetamkwa. Mimi siridhiki. Aliyesoma hivyo ametaja pembe zilizo tatu, hakutaja umbo. Umbo ni pe-mbe-TA-tu, lenye mkazo mmoja katika silabi ya pili kutoka mwisho.

Kiswahili kikiunganisha maneno mawili kuwa moja, neno la kwanza hupoteza mkazo wake. Mchimba dhahabu, ambaye watoto wa Nyarugusu wanamjua vema, ni maneno mawili yenye mikazo miwili: m-CHI-mba dha-HA-bu. Mwanafunzi ni neno moja: mwa-na-FU-nzi. Lugha nyingine zina desturi zake. Kwa Kiholanzi mkazo wa neno ambatani kwa kawaida hukaa katika sehemu ya kwanza, na silabi hukatwa penye kiungo cha maneno. Bommelding, yaani taarifa ya bomu, ni bom-mel-ding. Msomaji mwenye haraka huona bommel-ding akabaki ameduwaa. Sisi kiungo hakitutatizi hivyo, kwani silabi zetu nyingi huishia kwa irabu.

Neno linalozusha ubishi ni mwananchi. Nchi likiwa peke yake lina silabi mbili na mkazo huangukia N: N-chi. Kwa sababu hiyo wenzangu wengine huandika ubaoni mwa-na-n-chi. Nawaomba wajisikilize wakiwa sokoni: husema mwa-NA-nchi, na ile N imekwisha poteza kiti chake. Kanuni yafaa ifuate masikio, si masikio yafuate kanuni.

Husemwa pia kwamba watoto wa huku wanaharibiwa na Kisukuma. Sikubali hata kidogo. Kisukuma ni lugha ya toni, tena yenye irabu saba na yenye kutofautisha irabu fupi na ndefu. Mtoto aliyelelewa nayo amezoea kupima sauti tangu utotoni. Kinachomharibu ni kile kijiti chetu cha ubaoni, kinachogonga kila silabi kwa nguvu sawa.

Yafaa watoto wapige makofi mepesi kwa kila silabi, na kofi moja zito penye mkazo. Kisha wape barabara: ba-ra-BA-ra ni njia ya magari, ba-RA-ba-ra ni sawasawa kabisa. Watacheka, nao hawatasahau. Maana ya viungo, mwana na funzi, pembe na tatu, ifundishwe katika kipindi kingine, neno likiwa limekwisha kaa mdomoni.

Nilipokuwa katika mazoezi yangu mwenyewe, nilimtia mtoto mmoja alama ya kosa kwa kuandika "pembe tatu" katika imla. Jioni, nikisahihisha madaftari yaliyosalia, niliona nusu ya darasa wameandika vivyo hivyo. Waliandika nilivyowasomea.