Kiwanja cha Sinema Nacho Kina Historia

Wapo miongoni mwetu, na baadhi yao ni walimu wa historia, wanaoamini kwamba utamaduni wa taifa huishia kwenye ngoma, vinyago, mashairi na miiko ya wazee. Ukiwatajia sinema, hukunja uso. Ukiwatajia sinema ya magari, yaani ule uwanja wa wazi ambamo watu hutazama picha wakiwa ndani ya magari yao, hucheka kabisa. Hayo, husema, ni makapi ya Wamarekani, tena hayakudumu hata huko kwao. Sisi twasema kicheko hicho ni cha uvivu.

Na tuianze hoja ya kutodumu. Uwanja wa Richard Hollingshead, ulioipa biashara hii sura tuijuayo, ulifunguliwa tarehe 6 Juni 1933 pembeni ya mji wa viwanda wa Camden, katika jimbo la New Jersey. Hollingshead alikuwa mtu wa biashara ya bidhaa za magari. Majaribio aliyafanya nyumbani kwake: alitundika shuka mitini, akaweka projekta juu ya boneti ya gari na redio nyuma ya shuka, kisha akawa anainua magurudumu ya mbele kwa vipande vya mbao mpaka akaupata mwinamo ambao gari la nyuma halizibwi na la mbele. Hata mvua aliijaribu, kwa kinyunyizio cha bustani. Kiingilio kilikuwa senti 25 kwa gari na senti 25 kwa kila mtu, lakini gari lililosheheni jamaa halikulipa zaidi ya dola 1. Ndivyo familia maskini za miaka ile ya mdororo mkuu wa uchumi zilivyokaribishwa, pamoja na watoto wao wenye kelele.

Mambo hayakumnyokea. Sauti ilitoka katika vipaza sauti vikubwa vilivyokuwa karibu na pazia, hivyo walioegesha nyuma waliona midomo ikichezacheza kabla ya kusikia neno, na majirani waliotaka kulala wakasikia kila kitu. Wenye filamu walimtoza bei kali kwa picha zilizokwisha kuchuja kwingineko. Mwaka 1936 uwanja ukafungwa. Miaka mitatu tu! Lakini mahakama ilipoitangua hataza yake mwaka 1949, kila mwenye shamba kando ya barabara akawa huru kujaribu, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1950 nchi ile ilikuwa na viwanja zaidi ya 4,000, vingi vikiwa katika miji midogo. Baadhi vilidumu misimu michache, kwani ni biashara ilayo ardhi nyingi na kuchuma usiku tu. Kilichokufa mapema kilizaa maelfu. Nani basi atatuambia kwamba umri ndio kipimo cha historia?

Sasa tuje kwetu. Dar es Salaam ilipata Drive-In yake, huko Msasani, mwaka 1966, mwaka mmoja kabla ya Azimio la Arusha. Wapinzani wetu hapa hushangilia: taifa la Ujamaa na sinema ya wenye magari! Hoja hii ni nzito na hatutaikwepa. Ni kweli wenye magari walikuwa wachache, na wakati wa uhaba wa petroli serikali ilipiga marufuku magari binafsi barabarani Jumapili alasiri, jambo ambalo kwa uwanja wa namna hiyo ni kama kumnyima mvuvi bahari. Lakini anayeishia hapo amehesabu magari akasahau kuhesabu watu. Gari moja lilibeba ukoo: shangazi, watoto, jirani, na sufuria ya chakula juu ya mapaja. Mashine ilitoka ng'ambo. Namna ya kuijaza ilikuwa yetu. Ikiwa huo si utamaduni, basi hata taarabu tuitupe, maana fidla nayo haikuota mnazini.

Tazameni vitabu vya shule. Mwanafunzi hutajiwa mapango, magofu na ngome, na ni haki yake. Lakini Avalon, Empire, Empress, Odeon na Cameo, mahali ambapo umma wa mji ulikaa gizani ukicheka na kulia pamoja, ni wapi anazisoma? Kiwanja cha Msasani chenyewe hakikuachwa hata pazia. Baada ya ubalozi wa Marekani kulipuliwa tarehe 7 Agosti 1998 na watu 11 kuuawa, ubalozi mpya ulijengwa papo hapo palipokuwa na Drive-In, ukafunguliwa mwaka 2003. (Waliokuwa wakicheka makapi ya Wamarekani nadhani wameuona mzaha huo wa majaliwa.)

Mwalimu hahitaji fedha wala kibali cha wizara ili kuianza kazi hii. Awatume wanafunzi wake, katika kila mji uliowahi kuwa na pazia la sinema, wakaulize: nani aliuza tikiti, nani alikaa wapi, kina mama waliruhusiwa siku gani, nani alimfasiria mwenzake maneno ya Kihindi, na kiwanja hicho leo kina nini juu yake. Waende muhula huu huu. Aliyekuwa kijana wa miaka ishirini pazia la Msasani lilipowashwa mara ya kwanza, leo anakaribia themanini.