Kilichokatika si kilichopotea

Miongoni mwa vitenzi vinavyotumiwa kiholela katika ofisi za shule zetu, sioni kinachotutia hasara kama "kupotea". Karani awasha kompyuta asubuhi, aona msalaba mwekundu juu ya ile herufi inayomfikisha kwenye faili za pamoja, kisha atangaza: "S imepotea." Mkuu wa shule naye husikia kwamba alama za muhula mzima zimetoweka.

Nililishuhudia jambo hili Kimulot, katika nchi ya majani chai kule Konoin, Kaunti ya Bomet, nilipokwenda kuwakagua wanafunzi wangu waliokuwa katika mazoezi ya kufundisha. Katika shule moja ambayo sitaitaja, tangazo kama hilo lilitolewa Jumatatu. Kufikia alasiri walimu wanne walikuwa wakiingiza upya alama kutoka kwenye madaftari yao, kila mmoja katika kompyuta yake. Jumatano S "ikarudi", na alama zote zimo. Shule sasa ilikuwa na orodha mbili za Kidato cha Tatu zisizolingana. Msichana mmoja alikuwa na 61 katika Hisabati upande huu na 16 upande ule, na ripoti zilizokwisha kutumwa kwa wazazi zilibeba 16.

Kiswahili hakina lawama hapa. Wakenya husema "stima zimepotea" na hakuna anayekwenda kununua nguzo mpya. Rafiki asiyeonekana kwa miezi mitatu huambiwa "umepotea siku hizi!" naye yu mbele yetu, anacheka. Kupotea kwetu ni kukosa njia na ni kuangamia pia, na muktadha ndio hutuamulia. Mbele ya kompyuta muktadha huo hatunao, kwa kuwa hatukufundishwa kilichoko nyuma ya herufi ile.

Kilichoko ni hiki. S si ghala. Ni kibao cha njia. Ghala lenyewe ni seva, pengine iliyofungiwa chumba cha pili, na kati yake na karani kuna waya, swichi na ruhusa. Mkulima wa Kimulot analijua jambo hili vizuri kuliko sisi wasomi. Mvua ikiharibu barabara, lori lisifike kwenye kituo cha majani chai, hasemi kwamba kiwanda kimepotea.

Ndiyo maana napendekeza vitenzi vitatu mahali pa kimoja: kukatika, kukataliwa na kufutika. Kabla ya kuchagua, ulizeni swali moja: je, ni kompyuta moja au ni zote? Zikiwa zote, tazameni seva, swichi na umeme. Ikiwa moja, msiiguse seva. Kagueni waya na mipangilio ya hiyo moja.

Kukatika ndiko kwingi zaidi, na sura zake hupotosha. Kwa kawaida seva ya Windows hukata muunganisho uliokaa dakika 15 bila kutumiwa. Msalaba mwekundu hutokea, lakini ukiifungua S, njia hujiunga yenyewe. Huo si ugonjwa. Sura ya pili twaijua sana mashambani: umeme ukatikapo na kurudi, kompyuta ya karani huamka upesi ilhali seva bado inajikongoja. Karani huletewa ujumbe kwamba viendeshi vya mtandao havikuweza kuunganishwa. Dawa yake ni kusubiri seva iamke, kisha kutoka na kuingia upya. Katika shule ile hakuna aliyesubiri.

Kukataliwa ni kitu kingine. Njia ipo, mlango umefungwa. Aghalabu mtu amebadilisha nywila yake ilhali kompyuta bado inakumbuka ile ya zamani. Au ofisi imeifanya kompyuta ya kawaida kuwa seva: Windows 10 iliyo katika kompyuta ya namna hiyo hukubali miunganisho 20 tu kwa wakati mmoja, na anayekuja baadaye hugonga bure. Wako pia wenye seva kuukuu. Baada ya kirusi cha WannaCry kuitikisa dunia Mei 2017, Windows 10 iliyotolewa mwishoni mwa mwaka huo iliacha kuja na itifaki ya kwanza ya kushirikishana faili, SMB1. Kompyuta mpya na seva ya zamani huweza basi kukaa chumba kimoja zisielewane neno. Hapo mwiteni fundi, msimkaripie karani.

Kufutika ndiko msiba wa kweli, na hutambulikana kwa urahisi: S yafunguka, folda zaonekana, faili haimo. Hapo ndipo pa kuuliza nakala ya akiba iko wapi.

Watasema wengine kwamba dawa ni programu za Kiswahili. Tumezipata. Mwaka 2004 mradi uliokuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, na Windows nayo imewahi kuwa na sura ya Kiswahili. Nafurahi, ila "kiendeshi cha mtandao" ni tafsiri inayomfanya karani afikirie usukani. (Mabishano yetu ya miaka mingi kati ya "kompyuta" na "tarakilishi" hayajamsaidia hata kidogo.) Somo la Kompyuta shuleni hufundishwa kwa Kiingereza, nalo suala hili huishia ubaoni, mbali na ofisi.

Walimu wa Kiswahili na wa Kompyuta wanaweza kulifanya zoezi moja la pamoja. Wekeni daftari kando ya seva. Kila tatizo liandikwe tarehe, saa, kompyuta ngapi, na kitenzi kimoja kati ya vile vitatu, kabla ya mtu yeyote kuanza kuingiza alama upya. Wanafunzi walisome mwisho wa muhula, wahesabu kila kitenzi kimeandikwa mara ngapi. Nadhani "imefutika" itakuwa nadra sana.