Mgomba Hauli Plastiki



Mwaka 1879 kijana wa Kiskoti wa miaka 21, Joseph Thomson, alifika upande wa kaskazini wa Ziwa Nyasa akakuta vijiji vya Wanyakyusa. Alikuwa amekwisha kutembea sana, lakini hapa alistaajabu: hapakuwa na magugu wala takataka. Uwanja umefagiliwa, safi.

Wazee wetu walikuwa na fagio, ndiyo, ila walikuwa na jambo jingine pia. Kila walichokitupa kilikuwa na mlaji wake. Maganda ya ndizi yalikwenda kwa ng'ombe, samadi ikarudi mgombani, na jani lililofungia chakula likaoza palepale lilipoanguka. Mtoto akiambiwa "katupe mgombani" alikuwa analisha shamba.

Nalisema hili kwa sababu tunawakaripia watoto kana kwamba wao ndio waliobuni uchafu. Mtoto anayekula biskuti njiani akitoka shule, kisha akarusha karatasi yake ya plastiki kwenye migomba, anafanya alichofanya bibi wa bibi yake. Mkono ni uleule. Kilichobadilika ni kitu kilichomo mkononi, na hilo hakuna aliyemweleza.

Serikali imefanya sehemu yake. Pombe ya viroba, ile ya vipakiti vya plastiki, ilipigwa marufuku Machi 2017, na mifuko ya plastiki, yaani rambo, ikafuata tarehe 1 Juni 2019. Tunaokumbuka jinsi rambo zilivyokuwa zikining'inia kwenye ua tunajua tofauti. Lakini pipi, juisi, sabuni ya unga na chupa za maji bado zipo, na hakuna mgambo anayesimama nyuma ya jiko lako.

Na sisi wa Rungwe tuna mvua. Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na nchi yetu ni ya miteremko. Kinachoachwa juu hakikai juu. Kinaingia mferejini, kisha kijitoni, na mito yetu, Kiwira na Mbaka ikiwemo, huishia Ziwa Nyasa kwa wakwe zetu wa Kyela, katika maji yenye samaki wasiopatikana penginepo duniani.

Mvua hiyohiyo hutudanganya. Mtoto wa hapa huona maji kama hewa, na kuni kama kitu kinachojiotea mlimani. Lakini msitu una kikomo, na una wakazi wake. Msitu wa Mlima Rungwe ulitangazwa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 2009, miaka sita tu baada ya watafiti kuthibitisha kuwa kipunji, kima ambaye wawindaji wetu walikuwa wakimtaja siku zote, yumo kweli humo. (Wangetuuliza mapema!) Mtoto akifundishwa kuweka kuni chini ya paa mpaka zikauke, chungu kitaiva kwa kuni chache na macho ya mama yatapona moshi. Hilo ni somo la msitu, na halihitaji ubao wala chaki.

Sasa ombi langu. Wiki hii, mchukue mwanao au mjukuu wako, mpe jembe, mkachimbe mashimo mawili madogo kando ya mgomba. Katika moja zikeni ganda la ndizi, katika jingine karatasi ya plastiki ya pipi. Chomekeni kijiti kila shimo. Msimwambie kitakachotokea, hata kama ulimi unawasha. Kisha tundikeni gunia dogo tupu mlangoni pa jiko, na yeye awe msimamizi wake: kila kisichooza kinaingia humo. Chupa nzuri ioshwe, itatumika kupimia maziwa au kuhifadhi mbegu; chupa tupu zilizozidi zina wanunuzi mjini. Plastiki isiwashiwe moto jikoni, moshi wake ni sumu. Na baba akitupa vocha ya simu chini, msimamizi ana ruhusa ya kumwita airudie, kwa adabu, bila baba kununa.

Walimu, nanyi fanyeni vivyo hivyo kwenye bustani ya shule, darasa kwa darasa.

Mvua zikishapungua, fukueni. Ganda hamtalikuta, na mgomba utakuwa umeshukuru kwa namna yake. Karatasi ya pipi itatoka na rangi zake zote, jina la pipi linasomeka. Mwacheni mtoto alisome kwa sauti.