Makaa Jikoni, Maji Bombani: Somo kutoka Chinsapo

Mtoto arudipo nyumbani na daftari la elimu ya viumbe, huwakuta wazazi wamechoka. Baba ametoka lindoni, mama yu jikoni. Mtoto huuliza: "Mfumo wa ikolojia ni kitu gani?" Nasi humjibu: "Kamuulize mwalimu wako." Ndugu msomaji, juma hili tujaribu kumjibu sisi wenyewe, kwa kuwa jibu limo jikoni humo humo.

Twende kwa jirani zetu wa Malawi, katika mtaa wa Chinsapo, kusini-magharibi mwa mji wa Lilongwe. Mtaa huu una watu wengi na nyumba zimesongamana. Jamaa wengi hupikia makaa, na wengi hununua maji kwa ndoo katika vibanda vya maji.

Tuanze na idadi. Wataalamu husema kwamba viumbe wa aina moja waishio mahali pamoja hubadilika idadi kwa njia nne tu: kuzaliwa, kufa, kuhamia na kuhama. Askari aijua hesabu hii, kwani ndiyo ya gwaride la asubuhi: nani kaja, nani kaondoka. Basi tuitumie. Lilongwe ulifanywa mji mkuu mwaka 1975. Sensa ya 1977 ilikuta watu wapatao 99,000. Ile ya 2018 ilikuta 989,318. Idadi iliongezeka mara kumi katika miaka 41, na uzazi peke yake usingeweza kufanya hivyo. Wengi waliingia kwa mlango wa kuhamia, wakifuata kazi na riziki.

Kaskazini mwa mji huo, katika wilaya ya Dowa, iko kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, ambako Kiswahili husikika kutwa. Ilifunguliwa mwaka 1994, mahali palipokuwa gereza, nayo ilikusudiwa watu elfu kumi hivi. Katika miaka ya karibuni imekuwa na zaidi ya 50,000, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda. Mwaka 2023 serikali iliamuru wakimbizi waliokuwa wakiishi mijini warudi kambini. Hapo mlango wa kuingia ulipanuka na wa kutoka ukabanwa.

Sasa tuje kwenye neno la pili: uwezo wa makazi. Hii ni idadi ya viumbe ambayo mahali paweza kuwalisha na kuwanywesha mwaka hadi mwaka bila pahali penyewe kuharibika. Swala wakizidi malisho, njaa huwapunguza. Binadamu yeye ana hila: akizidi mahali pake, huagiza kutoka kwingine. Dzaleka huletewa msaada kutoka mbali. Chinsapo huletewa makaa na maji. Kwa hiyo tusihesabu watu wa mtaa peke yao, bali tuulize pia: ni pahali gani kwingine panapowabeba?

Kwa Lilongwe, mahali hapo ni Dzalanyama, msitu wa hifadhi ulioko kusini-magharibi mwa mji, mpakani na Msumbiji. Ni msitu wa miombo. Majani yake huanguka, wadudu na vijidudu huyaozesha, nayo hugeuka mbolea. Uyoga hushikamana na mizizi, huupa mti chumvichumvi za udongo, na mti huulipa uyoga kwa sukari. Mizizi huushika udongo, mvua hunywewa taratibu, na mto Lilongwe hupata maji hata kiangazi. Viumbe hivyo vyote, pamoja na udongo, maji na hewa, vikitegemeana hivyo, ndivyo tunavyoviita mfumo wa ikolojia.

Mto huo ndio ujazao mabwawa mawili ya Kamuzu, yanayounywesha mji. Na kutoka msitu huo huo hutoka makaa. Mti ukikatwa, mvua hupiga udongo ulio uchi. Maji hushuka kwa kishindo yakiwa na tope, tope hujaza bwawa, na kiangazi mto hudhoofika. Tazama basi ajabu hii: moto ulio chini ya sufuria unayala maji yaliyomo ndani ya sufuria.

Mwaka 2015 askari wa Jeshi la Ulinzi la Malawi walikuwa msituni humo wakisaidia kuulinda. Kazi hiyo ni ya heshima. Lakini bunduki humzuia mkataji; haimzuii mama kupika. Maadamu chakula chapikwa kwa makaa na hakuna nishati nyingine ya bei nafuu, gunia litapatikana, kama si kwa njia hii, basi kwa ile. Wala tusimtupie lawama mgeni. Mji uliokua mara kumi haukukuzwa na wakimbizi, na mkimbizi hapiki mara mbili zaidi ya mwenyeji.

Tumaini lipo. Kisiki cha mwombo huchipua tena, mradi kiachwe na moto usikipitie kila mwaka. Nasi jikoni tuna kazi yetu: kuroweka maharagwe usiku kucha, kufunika sufuria, kutumia jiko la udongo lisilopoteza joto, na kuyazima makaa chakula kikiiva ili yatumike kesho.

Mwanafunzi, hii hapa kazi yako ya juma hili. Andika idadi ya watu wa nyumbani kwenu mwaka jana na mwaka huu, na kila badiliko limeingia au kutoka kwa mlango upi. Kisha waulize wazazi: maji yetu yatoka mto gani, na moto wetu watoka msitu gani? Baba na mama, msimrudishe kwa mwalimu. Tafuteni jibu pamoja naye.